Kona Asiyoipita Osiako

Nairobi, 9 Machi 2025

Mwanangu Quinter,

Kosa la watu wengi wanaotaka kuuzunguka mji kwa miguu ni kupima kilomita na kusahau salamu. Huchukua ramani, huchora duara, huligawa vipande, kisha huanza safari kana kwamba watapita porini. Huko kwetu hakuna pori lisilo na mwenyewe. Utapita ukingoni mwa shamba la mtu, naye atakuuliza wewe ni wa nani. Ukimjibu umeshaketi, na ukiketi chai iko jikoni. Mimi na wanafunzi wangu tuliwahi kupanga kufika Ilesi saa sita mchana. Tulifika jua likizama, tumeshiba, na mmoja wetu kabeba kuku wa kupewa.

Basi nami nisikosee vivyo hivyo. Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto bado mzito asubuhi, lakini kalamu naishika kwa wa kulia, kwa hiyo hupungukiwi na kitu. Masikio ndiyo hayakurudi baada ya ugonjwa ule. Simu naisikia kama mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi, ndiyo maana nakusumbua kwa barua. Jepkorir, binti anayefanya kazi hapa kwa mwanangu Eugene, huzipeleka ofisi ya basi zije na vifurushi. Eugene na mkewe hutoka mapema na kurudi giza limeingia. Wajukuu huchukuliwa na basi la shule. Tuko ghorofa ya saba, na hewa ni nzuri.

Umeniandikia kwamba wewe na wenzako mnataka kuitembea ile njia yangu ya kuuzunguka mji wa Kakamega, kila Jumamosi kipande kimoja. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Anzieni langoni kwangu Amalemba, kama tulivyofanya siku zote. Nendeni kaskazini hadi Lurambi, mguse miwa ya upande wa Malava, mshuke kwa ukingo wa msitu hadi Shinyalu, mfike Ilesi kwa wafinyanzi, kisha Rosterman, kisha Eshisiru, kisha nyumbani. Mji uwe bega la kulia mwanzo hadi mwisho. Ukiuona kushoto, umepotea. Rosterman msiache kijia, maana wachimba dhahabu huacha mashimo na nyasi huyafunika.

Kipande cha mwisho, kutoka Eshisiru hadi langoni kwangu, msikitembee. Niachieni. Eugene ameahidi kunirudisha nyumbani mwezi wa nane, nami nataka nikimalize pamoja nanyi, hata kama itakuwa kwa mwendo wa kinyonga.

Ukipita nyumbani, nifungulie madirisha. Nyumba isiyoingia hewa huzeeka kama mtu.

Shangazi yako,
Teresa


Amalemba, 6 Aprili 2025

Shangazi,

Natumaini umeamka vizuri siku utakayoisoma hii. Sisi tu wazima. Mvua imefika, watu wamepanda, na mama anakusalimu sana. Anasema kuku wako wanataga vizuri huko kwake.

Tumeanza. Tuko watatu. Kuna mimi. Kuna Hamida wa Mumias, anayeuza vitambaa sokoni. Na kuna Osiako, mwanafunzi wako wa zamani, ambaye siku hizi ni mtu wa bodaboda na daktari amemwambia ashuke pikipiki atembee kabla tumbo halijamshusha lenyewe. Ni kama ulivyosema. Nyumba ya kwanza chai, ya pili chai, ya tatu ugali wetu wa obusuma na mboga. Hamida alikuwa amefunga, maana Ramadhani ilikuwa haijaisha, na kila mama alimwomba msamaha kwa kutomlisha.

Sasa sikiliza ya upande wa Malava. Tulikuwa kwenye kijia katikati ya miwa, Osiako mbele, anaongea kama redio. Ghafla akanyamaza, akainama, akaingia ndani ya miwa. Tukabaki tunaangaliana. Akaja mama mmoja na kikapu, akatusalimu kwa upole, akapita. Baadaye miwa ikatikisika.

"Ameenda?"

"Nani?" Hamida akamuuliza.

"Wacha kuuliza nani. Ameenda?"

"Wallahi, Osiako, mwanaume mzima unakimbia mama wa kikapu?"

"Huyo ni Mama Makhanu. Amenizalia bibi. Mnanichekanga tu kwa sababu nyinyi hamna mama mkwe."

"Ninaye, na hunikaangia samaki."

"Wewe ni mke. Mke anakaangiwa. Mkwe anaingia miwa."

Tulicheka mpaka tukakosa njia, mji ukawa bega la kushoto.

Kuhusu nyumba usijali, hakuna shida. Lakini wewe hujaniambia umetembea wapi huko. Soko liko karibu? Kanisa je?

Quinter


Nairobi, 11 Mei 2025

Mwanangu Quinter,

Barua yako ilikaa ofisi ya basi hadi Jepkorir alipopata nafasi ya kuifuata, kwa hiyo imenifikia ikiwa imechoka kuliko mimi. Nimeisoma nikacheka hadi wajukuu wakaja kuona kuna nini. Wote wazima. Mdogo ameng'oka jino. Mwambie mama yako nimepokea salamu zake na ninazirudisha.

Msimcheke Osiako kupita kiasi. Wageni hudhani mkwe wa kwetu humkimbia mama wa mkewe kwa chuki au kwa hofu ya kurogwa. Sivyo. Hali chakula mbele yake, hamshiki mkono, haketi naye chumba kimoja, na wakielekea kukutana njiani mmoja hujitoa. Yule mama amempa kilicho kikubwa kuliko vyote alivyonavyo, naye hana maneno ya kutosha ya kumshukuru, basi humpa nafasi. Humwachia njia nzima. Nilimfundisha Osiako miaka minne na alikuwa mkaidi wa kila kitu, ila katika hili ni mtu aliyelelewa.

Mkifika Shinyalu, jueni kwamba Jumamosi huenda mkakuta fahali wanapelekwa kupigana. Msisimame katikati ya njia. Simameni upande wa juu wa mteremko, kwa sababu fahali akitoroka hukimbilia bondeni.

Umeuliza nimetembea wapi. Hapa kuna roshani, ni ndefu kiasi. Kutoka hapo naona paa za mabati, mti mmoja wa mkaratusi, na barabara ambayo magari hayasogei. Jioni anga likitakata baada ya mvua, huonekana vilima kwa mbali. Nimejaribu kukisia mto wa huku unaelekea wapi kwa kutazama mahali ukungu unapolala asubuhi. Ni zoezi zuri.

Eugene anasema sasa huenda ikawa Septemba badala ya mwezi wa nane. Amebanwa na kazi.

Jambo dogo. Umesema kuku wangu wako kwa mama yako. Nilipoondoka walikuwa bandani kwangu, nawe ulikuwa ukiwalisha. Kuku hawahami wenyewe. Ilikuwaje?

Shangazi yako,
Teresa


Amalemba, 29 Juni 2025

Shangazi,

Nisamehe kwa kukawia. Shule ilitubana, na mama aliugua malaria akapona. Anakusalimu. Pole ya jino la mtoto, au tuseme hongera.

Shinyalu tulikuta fahali kweli, na ngoma za isikuti, na watu wakikimbia nyuma ya fahali na matawi. Osiako alijiunga nao, tukampoteza hadi jioni. Ilesi mama mmoja mfinyanzi alimkumbuka "mwalimu wa ramani" akatukataza kupita bila kula. Alitutolea ingokho, kuku mzima. Hamida alimchinja mwenyewe, kwa Bismillahi yake, na yule mama akasema kuku wa namna hiyo ana ladha ya heshima. Rosterman hatukuacha kijia.

Kwa hiyo imebaki Eshisiru, kisha kile kipande chako.

Siku hizi tunakutana pale kwa kinyozi badala ya langoni kwako. Ni kwa sababu ya Osiako. Akifika kona ile hasogei mbele tena, anaruka mtaro na kuzunguka nyuma ya kanisa. Hamida humwambia ipo siku atapita juu ya paa kama paka. 

Eugene alifika huku mwezi jana, akalala siku moja. Nadhani alikueleza.

Usiwaze sana, Shangazi. Kula vizuri.

Quinter


Nairobi, 13 Julai 2025

Mwanangu Quinter,

Nafurahi mama yako amepona. Mwambie asiache kulala ndani ya chandarua kwa kuwa tu mvua imepungua. Mbu wa kwetu hawasomi kalenda. Hapa sote wazima. Kuna baridi. Jepkorir amenishonea soksi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba ramani ina sehemu mbili, iliyochorwa na iliyoachwa wazi, na kwamba mvivu husoma ya kwanza tu. Sasa nitakuonyesha nilivyosoma ile ya pili, nawe unisahihishe.

Osiako amepita langoni kwangu tangu akiwa mvulana wa kaptura. Aliingia kunywa maji bila kubisha hodi. Nami hana ugomvi. Hata hivyo sasa hapiti kona ya kinyozi. Mwanaume wa kwetu huacha njia nzima kwa ajili ya mtu mmoja tu, na Osiako mwenyewe alishakuonyesha ni nani. Ukipita kona ile, kabla ya njia kufika mwisho, kuna lango moja tu, nalo ni langu. Basi mama mkwe wa Osiako anaishi nyumbani kwangu.

Ukishajua hilo, mengine hujipanga. Kuku walihama kwa sababu ua una watu wengine. Hunitajii madirisha kwa sababu ufunguo huna tena. Eugene alikuja huko akalala siku moja, akarudi hapa, akaniambia alikuwa Nakuru kikazi.

Sikuandikii ili nikugombeze. Najua wewe si mwongo, maana mwongo angeniambia amefungua madirisha na kunisimulia vumbi lilivyokuwa. Wewe ulinyamaza. Nataka kujua ulinyamaza kwa amri ya nani, na kama ninarudi nyumbani au sirudi. Eugene sijamuuliza. Nakuuliza wewe kwanza kwa sababu yeye ataanza kulia, na mtu akilia huwezi tena kumuuliza la pili.

Shangazi yako,
Teresa


Amalemba, 24 Agosti 2025

Shangazi,

Salamu zako nimezifikisha. Mama analala ndani ya chandarua.

Hujakosea popote.

Ni Mama Makhanu, na wajukuu wake wanaosoma hapa mjini. Waliingia Februari, ulipokuwa umeshapelekwa Nairobi; siku ile ya miwa alikuwa amekwenda shambani kwake. Eugene aliwapangisha, akasema nyumba isiyo na mtu huliwa na mchwa. Ni mama mzuri, Shangazi. Anafagia hadi njiani. Vitabu vyako na ramani zako viko kile chumba cha nje ulichokuwa unafundishia, na hakuna aliyevigusa. Hajui kwamba wewe hujui. Aliniuliza juzi kama unapenda viazi, akutumie.

Eugene aliniapisha hospitalini. Ni ile siku daktari alisema huenda usitembee tena. Aliniambia habari za nyumba zitakuua, nisubiri upate nguvu. Nikaapa. Halafu ukapata nguvu, na yeye akasema bado. Sikujua pia nani hufungua bahasha zako huko. Kila nilipokuandikia nilikuwa naanza sentensi kisha naikuta imefika mlangoni kwako, naigeuza. Nimechoka kugeuza.

Na lililo gumu zaidi ni hili. Mwezi wa tano alipokuja alisema hurudi. Si Septemba wala Desemba. Alisema, "Mama atakaa na mimi mpaka mwisho, Quinter, na wewe usimtie moyo na hizo safari zenu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amesimama chini ya mparachichi wako akiwa ameushika.

Sasa nami nikuulize, maana umenifundisha kusoma palipoachwa wazi. Wewe hueleza kila mahali kwa mguu uliopakanyaga. Tangu Machi hujaniandikia soko hata moja, wala kanisa, wala ngazi za hiyo ghorofa. Umeandika dirisha, roshani na ukungu. Nilikuuliza ukanijibu roshani ni ndefu. Mlango wa kutokea hufungwa?

Eshisiru tumemaliza. Kimebaki kipande chako. Osiako anasema siku hiyo lazima apite, atavaa kofia yake ya pikipiki na kushusha kioo, na Hamida amshike mkono kama kipofu.

Quinter


Nairobi, 7 Septemba 2025

Mwanangu Quinter,

Nimepokea barua na nimepokea viazi vya Mama Makhanu. Mshukuru. Wajukuu wamevimaliza, na Jepkorir ameficha vitatu kwa ajili yangu. Afya yangu ni ile ile.

Ndiyo, hufungwa.

Nilipofika hapa na miguu ikaanza kunitii, nilishuka ngazi asubuhi moja kwenda kuutafuta ule mto. Niliupata. Ni mchafu, lakini ni mto, una bonde na una mkondo. Nilitembea nao, nikarudi alasiri nikiwa nimechoka vizuri. Nikamkuta Eugene mlangoni na askari wawili. Walidhani nimepotea. Mimi, Quinter, nipotee. Alinishika asiniachie, kama alivyokuwa akifanya akiwa na homa utotoni. Kuanzia hapo funguo ziko kwake, na mchana huachiwa Jepkorir. Sikukuandikia kwa sababu hakuna maneno ya kulieleza ambayo hayamfanyi mwanangu kuwa mtu mbaya, naye si mbaya. Mtu anayekuchukia unaweza kugombana naye. Anayekufungia kwa kuogopa usife, unaanzia wapi?

Jepkorir angenifungulia nikimwomba. Simwombi. Atafukuzwa, na ana mama anayemtegemea.

Jumapili iliyopita nilimwambia Eugene kwamba najua habari za nyumba. Aliweka kijiko chini. Alisema polepole, akinielekea ili nimwone midomo.

"Mama, huko nani atakuangalia?"

"Njia nzima."

"Na ukianguka?"

"Nitaangukia kwetu."

"Ngoja Desemba basi."

"Desemba ipi, Eugene?"

Machozi yakaanza, nami sikuuliza la pili, kama nilivyojua.

Sasa nisikilize. Mama Makhanu asihamishwe. Watoto wamo katikati ya mwaka wa shule. Chumba cha nje kinanitosha, kina dirisha mashariki na vitabu vyangu vimenitangulia. Osiako atanisalimu kutoka kwa kinyozi, kwa sauti kubwa, kwa kuwa na mimi sisikii.

Kuhusu mlango. Mimi peke yangu siwezi kuufungua, na wewe kwa simu huwezi. Lakini kuna watu ambao mtoto wa kwetu hawakatalii, nao ni watu wa upande wa mama yake. Mjomba akisimama mlangoni hafukuzwi wala haachwi nje. Neno lake likikataliwa, nyumba hiyo hailali vizuri. Vijana wa siku hizi husema hawaamini hayo, na wote hufungua mlango. Kaka yangu, baba yako, alikuwa mjomba wa Eugene. Hayupo, lakini nafasi yake haikuzikwa naye. Iko kwa watoto wake, na mkubwa wao ni wewe. Kwamba wewe ni mwanamke hilo si neno. Ukoo ukituma mtu, hutazamwa ukoo.

Usije kwa siri, wala usije Eugene akiwa kazini, maana hiyo itakuwa kuniiba. Njoo Jumapili akiwa nyumbani na mkewe na watoto. Bisha hodi. Wasalimie wote, uliza habari za kila mmoja, kunywa chai watakayokupa. Kisha sema, "Tumekuja kumchukua mtoto wetu." Mtoto huyo ni mimi, binti wa ukoo. Usiongeze sababu. Ukitoa sababu atatoa yake, na yake ni nyingi na nzuri. Sema hivyo tu, kisha ukae. Huenda akakaa kimya hadi jioni. Kaa nawe. Sijui kama atanyanyuka kuzichukua funguo. Namjua, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba hatakuambia utoke.

Nguo zangu zimo kwenye mfuko mmoja, chini ya kitanda. Viatu vya kutembelea nimevivaa ndani tangu jana ili miguu ivikumbuke.

Leo, kabla hujaweka chungu motoni, nenda ofisi ya basi ukate tiketi: moja ya kuja, mbili za kurudi.